Laki Tano, Elfu Kumi, Mia Tano na Kumi na Moja

Jumatatu, 21 Julai

Upepo tangu asubuhi. Vumbi limeingia mpaka kwenye vikombe vya chai. Bado tunasahihisha moko, mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, hisabati. Meza yetu imepewa swali la kumi na tatu peke yake. Kutwa nzima swali moja, miandiko mamia. Kalamu nyekundu imeisha kabla ya mapumziko.

Swali lenyewe: zidisha namba tasa saba za kwanza, kuanzia 2 mpaka 17. Ongeza moja. Onesha kuwa jibu ni namba tasa. Alama nne.

Jibu ni 510,511. Mwongozo wa kusahihisha unasema ukiigawa kwa 2, 3, 5, 7, 11, 13 au 17, kila mara inabaki moja, kwa hiyo ni tasa. Wanafunzi karibu wote wameandika hivyo hivyo. Vema, vema, vema. Mkono unakwenda wenyewe.

Mchana nikafika kwenye karatasi ya mtoto mwenye mwandiko mdogo uliolalia kushoto. Hakuonesha walichomwambia aoneshe. Ameandika 510,511 = 19 × 26,869. Chini yake mstari mmoja: si tasa, mtunzi hakujaribu hata 19.

Mwenzangu wa kulia akachungulia, akacheka. Huyo mpe sifuri, ameota.

Nikagawa kwenye kipande cha gazeti kilichofungia maandazi. 51 kwa 19, mbili, baki 13. Nikashusha sifuri. Nikaendelea hadi tarakimu ya mwisho. Haikubaki kitu. Nikarudia. Haikubaki kitu.

Mtunzi wa swali namjua. Ni mume wangu.

Jumanne, 22 Julai

Nilimpigia jana jioni. Yuko Nduguti, ni mwalimu wa taaluma huko. Nyumbani Utemini anakuja Ijumaa. Nikamwambia, Baba Upendo, swali lako la kumi na tatu lina kosa, hebu gawa kwa kumi na tisa. Nikasikia kalamu inakwaruza. Halafu akashusha pumzi kwa pua, kama anavyofanya akielewa kitu.

"Kweli," akasema. "Aisee."

Nikadhani yameisha. Ni kosa la mtu anayependa namba, si kosa la mzembe. Namba za aina hii mwanzoni zinashawishi. Chukua 2 peke yake, ongeza moja, unapata 3. Chukua 2 mara 3, ongeza moja, unapata 7. Zinazofuata ni 31, 211, 2,311. Zote tasa. Ukiona tano zimepangana hivyo unaamini zitaendelea. Ya sita, 30,031, inakataa: ni 59 mara 509. Ya saba, hii yetu, inakataa tena.

Kubaki moja kwa zile saba maana yake ni kwamba vigawo vyake si zile saba. Basi. Haimaanishi havipo. Ni kama mtu anatafuta mgeni, anagonga nyumba saba za mtaa huu, hampati, kisha anatangaza kwamba mgeni hayuko Singida nzima. Nyumba ya nane hakugonga. Na 19 ndiyo tasa ya nane. Mgeni alikuwa amekaa hapo hapo.

Nikamuuliza atampigia lini Mwalimu Gunda, mwenyekiti wetu wa usahihishaji. Akasema tuliache. Mtihani umeshafanywa shule zote, karatasi nusu zimeshasahihishwa. Na mwezi huu wanateua wakuu wapya wa shule, jina lake limo.

"Mama Upendo, ni alama nne tu."

Nne tu. Nimelala na hasira, nimeamka nayo. Kosa lake silikasirikii. Nakasirikia hiyo "tu".

Jumatano, 23 Julai

Nimekwenda kwa Mwalimu Gunda asubuhi. Shikamoo, marahaba. Nikamwekea hesabu mezani. 19 mara 26,869. Na hiyo 26,869 nayo ni 97 mara 277. Vigawo vitatu, namba haiwezi kuwa tasa hata kwa kuombewa.

Akavaa miwani. Hakugawa. Akaitazama karatasi yangu kama mtu anayetazama mbwa wa jirani kwenye uwanja wake.

"Mwalimu, mwongozo umetoka kwa mtunzi. Sisi tunaufuata."

"Na mwongozo ukiwa na kosa, mzee?"

"Mtunzi ndiye aseme."

Akampigia mtunzi mbele yangu. Akaweka spika. Sauti ya mume wangu ikajaa chumba kizima.

"Mwongozo ubaki kama ulivyo, mzee wangu."

Labda hakujua nimesimama pale. Labda alijua. Sijui lipi baya zaidi.

Gunda akarudisha simu mfukoni, akaniuliza kama nyumbani ni salama. Aliuliza kwa upole. Wote waliokuwa kwenye meza za karibu walisikia, na walikuwa wameshajua mtunzi, Mwalimu Msengi, ni mume wa nani. Nikarudi kwenye kiti changu nikaendelea kutia vema kwenye uongo. Aliyekariri, nne. Aliyemwangalizia aliyekariri, nne. Aliyefikiri, sifuri. Na kalamu ninayo mimi.

Namchukia leo. Naandika hivyo hivyo.

Alhamisi, 24 Julai

Ile karatasi nimeipa alama nne. Nikaweka sahihi pembeni ili ijulikane ni mimi.

Jioni Gunda alipopitia kazi yetu akaikata. Akaandika sifuri, akaikaza mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akausoma ule mstari wa mtoto kwa sauti. Mtunzi hakujaribu hata 19. Akasema hii si hisabati, hii ni dharau. Akaondoka nayo kwenda kutafuta namba ya mtahiniwa ni ya shule gani.

Simu ya Baba Upendo imeita. Sikupokea.

Ijumaa, 25 Julai

Tumemaliza kusahihisha. Wenzangu wameagana na mimi kwa haraka, kama wanavyoagana na mtu aliyefiwa.

Baba Upendo amekuja na majogoo mawili kutoka Nduguti. Kana kwamba kuku watazungumza badala yake. Nimepika. Nimemwekea chakula. Nimekula jikoni.

Jumamosi, 26 Julai

Leo amesema. Afadhali asingesema, na afadhali angesema mapema. Vyote viwili.

Nilikuwa nafua. Akavuta kigoda akakaa karibu na beseni. Akaanza kuzunguka: upepo wa mwaka huu, maji ya bomba, Upendo na darasa lake la nne. Nikamwambia sema ulichokuja kusema. Akasema yule mtoto amejulikana. Gunda alipiga simu shuleni jana asubuhi, akamwambia mkuu wa shule kwamba kuna mwanafunzi wake ameandika matusi kwenye mtihani.

"Shule gani?"

"Kwetu."

Anaitwa Mwajuma. Yuko darasa analolifundisha yeye. Yeye mwenyewe. Amemfundisha kugawa, amemfundisha namba tasa, amemwambia kila siku asikubali kitu bila kukijaribu. Mtoto akajaribu. Ijumaa wamemchimbisha shimo la taka nyuma ya bwalo, halafu wakamrudisha nyumbani, asionekane mpaka Jumatatu na mzazi.

Nikamuuliza alikuwa wapi wakati anachimba. Akasema alikuwa ofisini. Dirisha la ofisi linatazama bwalo. Nalijua dirisha hilo, nimewahi kukaa hapo kumsubiri.

Sikupiga kelele. Nilitaka kupiga. Nikaendelea kufua shati lake, nikalifua kwa nguvu mpaka kifungo kikang'oka. Nikamwambia mume wangu, mimi niliolewa na wewe nikijua huna kitu, nikijua una hasira za karibu, nikijua ndugu zako. Sikujua wewe ni mwoga. Hilo hukunionesha.

Akasema, "Nikisema sasa wataniuliza kwa nini sikusema Jumatano."

Ndivyo ilivyo. Uongo wa kwanza ulikuwa kosa tu, hata haukuwa uongo. Wa pili umeletwa na simu ya Gunda. Sasa anataka wa tatu wa kulinda wa pili.

Ameondoka kwenda kwa kaka yake Mandewa. Amelala huko. Vizuri.

Jumapili, 27 Julai

Sikwenda kanisani. Upendo amekwenda na shangazi yake.

Nimekaa na ile namba. Nilitaka kuichukia, imeshindikana. Ukiondoa ile moja inabaki 510,510, na hiyo ni 714 mara 715. Namba mbili zinazofuatana, zimegawana zile tasa saba bila kugombana: 2, 3, 7 na 17 upande mmoja, 5, 11 na 13 upande wa pili. Kumbe pia inakupa mpaka. Mtu akitaka kuthibitisha kwamba 510,511 ni tasa hana njia ya mkato. Inabidi ajaribu kila tasa mpaka azipite mia saba. Kama ina vigawo, kimoja lazima kiwe chini ya 715. Kazi ya mchana mzima kwa mkono. Lakini hii haikuhitaji mchana. Ilihitaji hatua moja baada ya kumi na saba.

Namba haina cheo. Haijui nani anateuliwa. Inagawanyika kwa 19 hapa Utemini na inagawanyika Nduguti, Gunda akitaka asitake.

Kesho nakwenda. Nimeomba ruhusa ya siku moja kwa mkuu wangu. Sababu nimesema mambo ya familia. Sijadanganya.

Jumatatu, 28 Julai

Nimerudi sasa hivi. Miguu ina vumbi, sijaiosha. Naandika kwanza.

Nilifika shuleni kwao wamo kipindi cha pili. Ofisini kwa mkuu wa shule walikuwa wameshaanza. Mkuu ni mama mrefu, mpole, mwenye miwani ya kamba. Mama yake Mwajuma alikaa kwenye benchi, kanga mpya, viatu vya kuazima, vinaonekana vinambana. Mwajuma amesimama kando yake. Nilimfikiria mkubwa. Ni mdogo, viganja vina malengelenge. Mume wangu alikuwa amekaa dirishani na faili mkononi. Aliponiona alinyanyuka nusu, akakaa tena.

Mkuu akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ni mwalimu niliyesahihisha karatasi ya huyu binti, pia ni mke wa Mwalimu Msengi. Nilisema vyote viwili makusudi.

Mama Mwajuma alikuwa akimsemesha binti yake Kinyiramba polepole. Kisha akatugeukia kwa Kiswahili.

"Wananiambia ametukana mtihani. Mimi sikusoma. Mtihani unatukanwaje?"

Mkuu akamwambia Mwajuma aeleze mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka.

"Nilijaribu zile saba. Zikabaki moja moja. Nikasema basi nijaribu inayofuata. Inayofuata ni kumi na tisa, ikaingia. Sikuwa natukana, madam. Nilidhani mtunzi ni mtu wa mbali."

Nikaomba chaki. Kulikuwa na ubao mdogo wa ratiba ukutani, nikaandika pembeni: 19 × 97 × 277. Nikamwomba mkuu azidishe kwa simu yake. Akazidisha. Akatazama karatasi ya mtihani. Akazidisha tena, safari hii akizitaja namba kwa midomo. Halafu akaigeuza simu upande wa dirisha.

"Mwalimu Msengi, swali hili alitunga nani?"

Bati lilikuwa linagonga kwa upepo. Nilimtazama. Sikumsaidia. Nilijiambia akisema uongo sasa, nitasema mimi, na sitarudi naye nyumba moja.

"Mimi," akasema.

"Umejua lini kwamba lina kosa?"

Akanitazama. "Jumatatu iliyopita."

Mkuu alivua miwani. Hakumgombeza. Akamwambia Mwajuma arudi darasani. Akamwambia mama yake samahani, kulikuwa na kutoelewana.

Yule mama hakunyanyuka. Akauliza, taratibu kabisa, "Kwa hiyo lile shimo amechimba bure?"

Mkuu anapangusa miwani yake. Mume wangu anatazama faili. Watu watatu wenye vyeti, na hakuna mwenye neno.

Nikasema, "Ndiyo, mama. Bure."

Akatikisa kichwa. Akavua viatu vya kuazima, akavishika mkononi, akatoka peku kwenda kumuaga binti yake mlangoni pa darasa.

Baba Upendo alinifuata mpaka getini. Akasema, "Nimesema sasa. Umeona nimesema." Kama mtoto anayetaka vema. Nikamwambia umesema baada ya kuulizwa, na baada ya mwingine kuzidisha. Nikapanda pikipiki mpaka stendi.

Nilidhani nitarudi nimetulia. Sijatulia. Hasira imehama tu kutoka kichwani kwenda kifuani.

Jumatano, 30 Julai

Taarifa imekuja kwenye kundi la walimu. Swali la kumi na tatu limefutwa. Kila mtahiniwa apewe alama nne. Sababu: kasoro za uchapaji.

Uchapaji. Mashine haikukosea hata herufi. Karani aliyechapa sasa ndiye mwenye kosa, na hajui.

Kwa hiyo aliyekariri, nne. Aliyeacha wazi, nne. Aliyechora ua, na nilimwona mmoja kachora ua, nne. Na Mwajuma, nne. Wamempa haki yake kwa kuigawa kwa wote mpaka haionekani. Nimeandika kwenye kundi: kosa halikuwa la uchapaji, namba inagawanyika kwa 19, na mwanafunzi mmoja aligundua. Wawili wameweka dole gumba. Gunda ameandika, tuheshimu maamuzi, kisha akatuma tangazo la msiba.

Sijafuta nilichoandika.

Jumamosi, 2 Agosti

Hakuja jana. Hakupiga. Upendo ameuliza, nikamjibu baba ana kazi. Nimechukia kumjibu hivyo. Mimi nami nimeanza kuchapa kasoro.

Nimemwita tena, nikamwambia baba na mimi tumegombana. Kwa sababu gani? Kwa sababu ya namba. Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Nikamwonesha. Amegawa mwenyewe, ulimi nje, ikachukua muda, 26,869. Akasema si ingekuwa rahisi tu kusema amekosea. Nikamwambia ndiyo, ingekuwa rahisi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, shule zimefungwa. Amekuja asubuhi, mikono mitupu.

Ukuu wa shule amepewa mwingine. Amenieleza akiwa amesimama mlangoni, hajaingia. Nilitegemea nitafurahi, au nitamwonea huruma. Sikuhisi chochote. Nikamwambia aingie, jua kali.

Akaniambia jambo jingine. Jumanne aliingia kidato cha nne, hakuwaambia wafungue kitabu. Akaandika 510,511 ubaoni. Akawaambia swali nilitunga mimi, nilikosea mimi, Mwajuma alikuwa sahihi na nikamwacha achimbe shimo nikiwa dirishani. Mkuu hakumtuma. Hakuna aliyemtuma. Hapo nikakaa.

Halafu Mwajuma akanyoosha mkono, akauliza: hizi namba za kuzidisha tasa na kuongeza moja, nyingine ni tasa na nyingine si tasa. Zile zilizo tasa zinakwisha, au zinaendelea bila mwisho?

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia sijui. Nikamwambia nijuavyo mimi hakuna anayejua, popote."

Amesimama mbele ya darasa miaka yote hiyo na sijawahi kumsikia amesema sijui.

Hajaniomba msamaha. Mimi nami sijasema nimesamehe. Bado nina hasira, lakini leo nimekula mezani.

Jumapili, 10 Agosti

Upepo umepungua. Baada ya kanisa Upendo amekwenda kucheza kwa majirani.

Nilikuwa uani nachambua mchicha. Akatoka na karatasi mbili na kalamu. Akaandika inayofuata: zile saba mara 19, ongeza moja. 9,699,691. Akaweka karatasi moja upande wangu.

Nikanawa mikono. Tukagawana. Yeye 23, mimi 29. Yeye 31, mimi 37. Tukiona imebaki kitu tunakata mstari na kwenda kwenye inayofuata. Alikosea kutoa kwenye 47, nikamwonesha kwa ncha ya kalamu, akasahihisha.

Tumefika 101. Bado haijagawanyika. Huenda ni tasa, huenda si tasa, mpaka wake uko mbali, unapita elfu tatu.

Jua lilianza kushuka upande wa ziwa la hapa Singida. Nikamwambia nakwenda kubandika ugali. Akasema sawa, yeye anaendelea na 103.